Fagio hukata uzi wa buibui. Lingekata na chuma

SWALI: Mimi ni fundi wa kushona na kutia viraka nyavu hapa Kilwa Kivinje, mwaka wa 30 sasa. Kijana wangu wa kidato cha tatu amerudi shuleni na neno kwamba uzi wa buibui una nguvu kuliko chuma. Nilicheka mpaka nikaweka sindano chini. Kila Ijumaa mama yake anapitisha fagio kwenye kenchi na tandabui zote zinashuka, hazishindani hata na njiti. Je, mwalimu kamdanganya? Na kama ni kweli, uzi huo umeumbwaje, na mbona sijawahi kuona dukani nyavu za buibui?

JIBU: Shikamoo, Fundi. Mwalimu hakudanganya, ila alitoa nusu ya maneno. Nusu iliyobaki ni maswali ambayo wewe mwenyewe ungemuuliza muuza mshipi kabla ya kutoa pesa: nguvu gani, unene gani, na unalinganisha na chuma kipi?

Tuanze na fagio la mama. Uzi unaosifiwa ni ule ambao buibui mkubwa hujiangushia akishtuliwa, na ndio huo huo anaoutumia kwa fremu na miale ya utando wake. Kipenyo chake ni maikromita 3 hadi 5. Maikromita 1 ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wako una kama 50 hadi 100. Chukua uzi wa maikromita 4, ufunge mzigo chini yake, uongeze kidogo kidogo. Utakatika ukifika gramu 1.4 hivi, yaani kama robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Sasa chukua waya wa chuma cha pua kilicho bora, mwembamba vile vile. Huo utakatika kwenye gramu 2, hata hazifiki. Fagio lingepita nao wote wawili na mama asingejua kakata kipi. Tena zile za kwenye kenchi mara nyingi ni za wale buibui wadogo wenye miguu mirefu. Nyuzi zao ni nyembamba zaidi, na zimekaa miezi zikishika vumbi na masizi. Kuupima uzi wa buibui kwa tandabui la jikoni ni kama kuupima mshipi mpya kwa kuuangalia ule uliosahauliwa juani mwaka mzima.

Ili tulinganishe kwa haki, tuunenepeshe uzi mpaka ufike milimita 1, unene unaoujua kwa vidole. Wanaopima vifaa hutumia kipimo kiitwacho gigapaskali. Gigapaskali 1 ni sawa na kutundika kilo 102 kwenye uzi ambao ukiukata, uso wake una milimita 1 ya mraba. Uzi wa buibui hukatika kwenye gigapaskali 1.1 hivi. Kwa hiyo mshipi wake wenye kipenyo cha milimita 1, ambao uso wake ni wa duara na haufiki milimita 1 ya mraba, ungebeba kilo 88. Mshipi wa nailoni wa dukani wa unene huo huwa kwenye kilo 50, hapo hapo. Nondo za kujengea, ukizipima kwa kipimo hicho hicho, hukatika kwenye 0.5 au 0.6. Basi kama chuma alichokuwa nacho mwalimu kichwani ni nondo, buibui anashinda, tena kwa mbali. Kama ni waya wa chuma cha pua uliokazwa kiwandani, huo hufika 1.5, na buibui anashindwa kidogo.

Wanaosema “kuliko chuma” huwa wamebadilisha mizani bila kukuambia: wanapima kwa uzito. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.8, na ya uzi wa buibui ina 1.3. Chuma ni kizito mara 6. Ukichukua gramu ya huku na gramu ya kule ukasokota kamba mbili za urefu mmoja, ya buibui itabeba zaidi ya mara 4. Mimi binafsi sentensi hiyo ya “kuliko chuma” siipendi, maana inasifia jambo ambalo si la ajabu sana. Kevlar, uzi wa kiwandani wa kutengenezea fulana za kuzuia risasi, unabeba gigapaskali 3.6, mara tatu ya buibui. Kwa kubeba peke yake buibui hana cha kujivunia mbele yake.

Ajabu yenyewe iko kwenye kuvutika. Chuma hicho cha pua ukikivuta hakiongezeki hata sehemu 1 kati ya 100 ya urefu wake kabla hakijakatika. Kevlar huongezeka 2.7. Uzi wa buibui huongezeka 27 na kupita, na muda wote huo unakaza, haulegei kama ulimbo. Kitu kinachobeba sana na pia kinavutika sana hula nguvu nyingi kabla ya kukubali kukatika, na hapo ndipo hesabu inapogeuka. Tukipima kwa megajuli, kipimo cha nishati, kwa kila mita ya ujazo chuma cha pua hula megajuli 6, Kevlar 50, uzi wa buibui 160.

Wewe mtu wa pwani jambo hili unalijua bila megajuli. Wazee wa Lamu walipounda mtepe hawakupiga misumari. Walizishona mbao kwa kamba za usumba. Chombo kikigonga mchanga au kikipigwa na wimbi, kilinyumbulika, kikarudi. Msumari ni mgumu kuliko usumba, lakini ugumu peke yake haukusaidii pale pigo linapokuja ghafla. Nzi naye ni pigo la ghafla. Anakuja kasi, anagonga utando, na utando lazima umeze mwendo wake wote. Na si kuumeza tu. Ungekuwa kama mpira ungemrusha nyuma akaenda zake. Uzi huu, katika kila sehemu 100 za nguvu anazoleta nzi, kama 65 huzigeuza joto. Hakuna cha kumrudisha, anabaki ananing'inia.

Sasa umeumbwaje.

Uzi ni protini, jamii moja na nywele zako, kucha na ute wa yai. Protini ni mnyororo wa pete ndogo ziitwazo asidi amino. Zipo aina 20, na mpangilio wake ndio unaoamua itakuwa kucha au utando. Katika uzi huu zimo hasa protini mbili, MaSp1 na MaSp2, na kila moja ni mnyororo wa pete zaidi ya 3,000. Ajabu ni kwamba zaidi ya nusu ya pete hizo ni za aina mbili tu, glaisini na alanini, na ndizo ndogo kuliko zote 20. Nazo zinarudiwarudiwa kama kiitikio: kipande cha alanini tupu, tano sita mpaka kumi mfululizo, kisha kipande kirefu kidogo chenye glaisini nyingi, kisha alanini tena. Hivyo hivyo mara mia moja hivi, mpaka mwisho wa mnyororo.

Vipande vya alanini ndivyo vinavyobeba. Umemwona mwanamke anayeshona mkeka: anasuka ukili mrefu mwembamba, kisha anaulaza ubavu kwa ubavu na kuushona mpaka unakuwa bapa. Alanini hufanya hivyo hivyo. Kipande cha mnyororo huu kinalala kando ya kipande cha mnyororo ule, na kinachovishona ni vifungo vya hidrojeni, mvutano mdogo kati ya hidrojeni ya upande mmoja na oksijeni ya upande wa pili. Ukishapata mkeka, unalazwa juu ya mkeka mwingine, na kwa kuwa alanini ni ndogo na zote sawa, mikeka inakaliana barabara, haiachi nafasi. Rundo hilo linaitwa fuwele. Ni dogo mno, nanomita chache tu kila upande, na nanomita 1 ni maikromita iliyogawanywa tena mara 1,000.

Udogo huo una kazi yake. Kifungo kimoja cha hidrojeni ni dhaifu, ukikigusa kinaachia. Mwaka 2010 kundi la Markus Buehler wa chuo cha MIT, Marekani, lilivuta fuwele hizi ndani ya kompyuta na kuona kwamba zikiwa ndogo, za nanomita 2 hadi 4, vifungo vyake vinashika kwa pamoja, kama watu wanaovuta ngalawa kwa mkupuo mmoja. Kikiachia kimoja, kinashika tena mbele kidogo. Fuwele ikiwa kubwa inaanza kupinda, na vifungo vinaachia kimoja kimoja. Hapo ipo, lakini nguvu hakuna.

Vipande vya glaisini navyo havijapangika. Vimejikunja na kuzongana kati ya fuwele na fuwele, kama nyavu iliyotupwa chini ya ngalawa, navyo vimeshikiliana kwa vifungo vya hidrojeni hapa na pale. Ukiuvuta uzi, kwanza hivyo vifungo vya hapa na pale vinakaza, kisha vinaanza kuachia, mizongo inakunjuka, uzi unarefuka, na kila kifungo kinachoachia kinakula sehemu ya nguvu ya nzi. Mizongo ikishanyooka yote, mzigo unahamia kwenye fuwele, na hapo ndipo uzi unapokaza kwelikweli. MaSp2 ina nyongeza yake: pete iitwayo prolini. Prolini ina umbo la pembe, haikubali kulazwa kwenye mkeka. Kila ilipo, mnyororo unapinda. Wanaoichunguza wanaona ndiyo inayoupa uzi mnyumbuko wa kurudi.

Kwa hiyo, Fundi, ukitaka picha moja ya kumpa kijana, mwonyeshe nyavu yako mwenyewe: fuwele ni mafundo, glaisini ni uzi uliolegea kati ya fundo na fundo. Utasema picha ina kasoro, maana katika nyavu yako fundo na uzi ni kitu kimoja kilichokunjwa tofauti. Lakini hata kwa buibui ni hivyo hivyo! Mnyororo mmoja unapita ndani ya fuwele, unatoka, unazongwa, unaingia fuwele nyingine. Hakuna gundi kati yao.

Hapo nimezungumzia uzi wa aina moja tu. Buibui wa utando wa duara, jike, ana tezi za aina 7 tumboni: uzi wa kujiangushia, uzi wa msaada, uzi wa kuviringishia mateka, uzi wa mfuko wa mayai, wa kugandishia utando ukutani, ule wa mzunguko wa kati unaonasa, na gundi yake. Huo wa kunasa ndio kioja: unavutika mpaka karibu mara 4 ya urefu wake wa mwanzo, ingawa kwa kubeba ni nusu tu ya ule wa fremu. Siku akiuchoka utando anaula, na protini ile ile anaitumia kufuma mwingine.

Na buibui hawalingani. Mwaka 2010 watafiti walitangaza spishi mpya ya Madagaska, Caerostris darwini, anayetandika utando juu ya mito, uzi wa daraja ukifika mita 25 kutoka ukingo mpaka ukingo. Uzi wake hula megajuli 350 kwa wastani, na nyuzi bora zilifika 520. Katika vitu vyote vya viumbe vilivyowahi kupimwa wakati huo hakukuwa na kilichoufikia.

Tuje kwenye nyavu za dukani.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kufuga. Nondo wa hariri amefugwa China kwa maelfu ya miaka, kwa nini si buibui? Kwa sababu kiwavi wa nondo huyo hula majani ya mforosadi, na buibui hula buibui. Waweke 100 kwenye boksi, utarudi ukute wachache walionenepa. Imewahi kufanyika lakini kwa njia ya kuwaokota. Huko huko Madagaska, Simon Peers na Nicholas Godley waliajiri watu wa kukamata buibui wakubwa wa dhahabu asubuhi kwa asubuhi, wakawafunga 24 kwa zamu kwenye kifaa kidogo, wakawavuta uzi kama anayekamua ng'ombe, kisha wakawaachia. Nguo ya mita 3.4 kwa 1.2 iliwachukua miaka 4 na buibui zaidi ya milioni moja. Ilionyeshwa New York mwaka 2009. Joho lililofuata, la mwaka 2012, lilitumia buibui milioni 1.2. Rangi yake ya dhahabu si ya kupaka, uzi hutoka hivyo. Sisi pwani tunalo vazi linaloitwa buibui ambalo halijaguswa na buibui hata mmoja, na wao wana joho la buibui watupu. Jamaa wa buibui hao wapo huku kwetu pia, bila shaka umewaona: wakubwa, miguu myembamba, utando mpana wa rangi ya asali kati ya miti.

Wazo la pili ni kuiba jeni, yaani maelekezo ya urithi yanayosema protini ipangweje. Wakanada wa kampuni ya Nexia waliwapa mbuzi jeni ya buibui ili protini itoke kwenye maziwa. Protini ilitoka, biashara haikusimama. Tatizo halikuwa mbuzi. Kuwa na protini ni kama kuwa na pamba: bado hujasokota.

Na kusokota ndiko tunakozidiwa. Ndani ya tezi protini ni ute mzito, protini peke yake ni sehemu 30 hadi 50 kati ya 100 za uzito, na bado haugandi. Jaribu kuweka protini nyingi hivyo kwenye maji maabara, itakugandia kama yai la kuchemsha. Buibui anaitunza kwa chumvi na kwa kuifungia vichwa: kila mnyororo una ncha mbili tofauti na mwili, ambazo zinauzuia usijishone kabla ya wakati. Kutoka kwenye tezi ute unapita mfereji mwembamba unaojikunja kama herufi S, na unavyozidi kusogea ndivyo mfereji unavyobana. Njiani sodiamu inaondolewa, fosfeti na potasiamu zinaongezwa, maji yanafyonzwa. Kimeng'enya kwenye ukuta wa mfereji kinaigeuza kaboni dioksidi na maji kuwa asidi, na pH, kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, inatoka 7.6 hadi 5.7. Asidi ikiongezeka, ncha za mwanzo zinashikana mbili mbili, ncha za mwisho zinafumuka na kuwa chachu ya mikeka ya kwanza. Kisha mguu wa nyuma unavuta, au uzito wa buibui mwenyewe anayeanguka unavuta, minyororo inanyooka kwa upande mmoja, na alanini zinakutana. Uzi hausukumwi nje kama dawa ya meno, unavutwa. Hayo yote hufanyika kwa joto la chumbani, na kwa maji. Kevlar inahitaji asidi ya salfuriki kali.

Watu wamesogea. Mwaka 2017 kundi la Sweden lilitengeneza protini fupi inayochukua ncha moja kutoka buibui huyu na nyingine kutoka yule, bakteria wakaizalisha, na lita moja ya bakteria ikatoa protini ya kutosha uzi wa kilomita 1. Mwaka 2023 Wachina walimhariri nondo wa hariri kwa jeni ya buibui, naye akafuma uzi wa gigapaskali 1.3 wenye kula megajuli 319. Hilo la nondo naliona lina mwelekeo, maana mfereji wa kusokota kaja nao mwenyewe.

Lakini hata ukiuzwa kesho Kariakoo kwa bei ya nailoni, nisingekushauri ununue wa nyavu. Sababu ni maji. Ule uzi wa kujiangushia ukilowa hujikunyata, na kwa baadhi ya buibui hufika nusu ya urefu wake. Maji hupenya kwenye mizongo ya glaisini na kuvifungua vile vifungo vya hapa na pale, minyororo iliyokuwa imenyooshwa inajikunja upya. Kwenye fuwele hayaingii, mikeka imebanana. Kwa buibui ni faida, wanaamini wengine, kwa kuwa umande wa alfajiri unaukaza utando uliolegea. Wewe ungetupa jarife la mita 100 ukavuta la 50.

Visiwani Solomon waliupatia kazi nyingine. Walirusha tiara nyuma ya mtumbwi, chini yake kamba, na mwisho wa kamba kifurushi cha tandabui kinachorukaruka juu ya maji. Samaki wa mdomo mrefu, jamaa wa chuchunge, akikiuma meno yake madogo yananasa kwenye nyuzi. Ndoana haihitajiki.

Kama kijana anataka ushahidi, mtafutieni yule mkubwa wa utando wa asali. Mguseni kwa kijiti ajiangushe, na mkate uzi wake kwa juu, urefu wa shibiri. Ugandisheni ncha moja kwenye kijiti, nyingine kwenye kipande cha karatasi kisichozidi ukucha. Vuteni kidogo muone unavyorudi. Kisha chovyeni brashi ya rangi majini, mpitishe maji polepole kwenye uzi wote, na muangalie karatasi inapanda.